Kioo Kilichobaki Laini

Miaka ile ya vita vya ng'ambo ya mpaka, nilianza kazi katika maabara ya hospitali moja ya Kamembe nikiwa na diploma mpya na wasiwasi wa kila kitu. Nilimkuta mama mmoja aliyevuka kutoka Bukavu pamoja na majeruhi, akabaki kutusaidia. Hakuwa na cheti hata kimoja. Daktari alimwita Maman. Mimi aliniita "wewe".

Kila asubuhi alichungulia mlangoni: "Maman, leo nani anaelekea kubaya?"

Kitanda chenye oksijeni kilikuwa kimoja, ilibidi ajue mapema nani akipate. Tulikuwa na kipimo cha protini moja ambayo hujaa kwenye damu mwili unaposhambuliwa. Unaweka tone la majimaji ya damu na tone la dawa nyeupe kama maziwa juu ya kioo cheusi, kisha unakizungusha taratibu. Maziwa yakikatika, protini ni nyingi na mgonjwa yuko hatarini. Yakibaki laini, anaweza kungoja.

Jibu nikilipeleka mimi, daktari aliuliza, "Maman ameona?" Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani, nikalitafuna kuliko chakula. Je, alitabasamu alipouliza? Aliwatazama wauguzi?

Siku moja waliletwa wawili, wote wakihema: mzee wa Giheke, na mama kijana wa Nkombo aliyejifungua wiki iliyotangulia. Maman alikuwa wodini. Nikaharakisha kupima peke yangu, ili kwa mara moja daktari apate jibu ambalo Maman hajaligusa. Ya mzee yalikatika kidogo. Ya mama yalibaki laini kabisa. Mzee akapewa oksijeni.

Maman aliporudi alikiinua kioo cha yule mama kwenye mwanga wa dirisha.

"Weye Diplome, huyu mama nimetoka kumugusa sasa hivi. Anawaka moto! Ulitia mayi?"

"Kipimo hakidai maji, Maman."

"Protini ikizidi sana, dawa inashindwa, haikatike. Inakudanganya. Bagonjwa bengi tulibapoteza kule Bukavu juu ya ile. Punguza na mayi ya chumvi, fanya tena."

Nilijua. Ilikuwamo katika daftari langu la chuo, nimeipigia mstari mwekundu. Ndicho kilichoniuma zaidi. Nilipokuwa nikitia maji ya chumvi, niliomba moyoni maziwa yabaki laini, Maman aaibike hata mara moja tu. Niliomba hivyo huku nikimsikia mtoto wa wiki moja akilia ukumbini mikononi mwa bibi yake.

Yalikatika vipande vipande.

Nilisubiri anicheke. Alinisukumia kioo. "Kimbia. Peleka weye mwenyewe."

Daktari aliwapima upya wote wawili. Mzee alikuwa amepata nafuu, akarudishwa wodini, na mama akawekwa kwenye oksijeni. Siku chache baadaye nilimwona ameketi kitandani akinyonyesha, nikapita haraka asije akanishukuru.

Asubuhi hiyo daktari, akiwa mbioni kwenda wodini, alinisimamisha nje ya maabara. "Wewe. Mwambie Maman asante."

"Ndiyo, Daktari."

Maman alikuwa ndani, akisuuza vioo. Aliuliza daktari alitaka nini.

"Hakuna kitu," nilisema, nikachukua kitambaa nikaanza kuvikausha.

Vita vilipotulia alirudi kwao Bukavu. Ile asante sikuifikisha.