Goti la Kuchezea Ngoma

Kwetu Usukumani, vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho kinachoshinda. Siku ile baada ya mavuno niliruka, nikageuka, goti likaachia, nikaanguka chini puu. Umati ukawakimbia wapinzani wetu kuja kunitazama. Tukatangazwa washindi. Sijawahi kuchukia ushindi kama ule.

Kano ya katikati ya goti ilikuwa imekatika. Nilitembea vizuri tu, hata mzigo nilibeba, lakini kila nikigeuka goti lilinisaliti. Hospitalini hapa Mwanza, daktari, kijana mpole wa kutoka Bukoba, akanieleza mpango wake. Angetengeneza kano mpya kwa kipande cha kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe, na kompyuta ingepima uimara wa goti palepale mezani. Likionekana bado linazunguka kupita kiasi, angeongeza ukanda wa utando mgumu wa paja, aushikize upande wa nje wa goti. Nikakubali yote.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, lakini mimi nilikuwa macho. Vijiti vyenye vimpira vinavyong'aa vilifungwa kwenye mifupa, juu na chini ya goti. Kamera ikavifuata, na goti langu likatokea kwenye skrini. Kabla ya kuweka kano mpya, daktari aliuvuta mguu mbele, akausokota, namba zikapanda ovyo. Baada ya kuiweka akarudia. Namba ya kuvuta ikashuka vizuri. Ya kusokota ikashuka kidogo, ikagoma.

Akamwambia nesi aandae nyuzi za kushonea. Nikaogopa, maana alikuwa anataka kuishia hapo.

"Mama, kwa kutembea hili linatosha," akasema. "Nikiongeza ukanda, utachelewa kupona."

"Daktari, kutembea nilikuja natembea. Mimi nataka kucheza."

Nesi akacheka ndani ya barakoa. Daktari akaweka ukanda, akasokota tena, na safari hii namba ikashuka kabisa. Nilifurahi mno, ingawa kuanzia kiunoni kwenda chini sikuhisi kitu.

Miezi tisa baadaye, siku ya kuruhusiwa kugeuka ilipofika, tulikuwa ofisini kwake, hakuna kompyuta wala kamera. Akaniambia nishike meza, nianze polepole. Mimi na polepole wapi na wapi! Nikasimama kwa mguu uleule, nikaruka, nikageuka mzimamzima, nikatua. Nilipomtazama, daktari alikuwa amefumba macho.

"Fumbua, baba," nikamwambia. "Nimesimama."