Aliagizwa Anong'one Mahakamani, Sasa Ananguruma

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Ndani ya karakana ya kuchomelea mageti, gitaa mbili za umeme zinakwaruza na ngoma zinadundwa kama mtu anavunja mlango. Katikati, mwanamume wa makamo, shati jeupe limechomekwa vizuri, anafumba macho na kunguruma. Mishipa ya shingo imemtoka. Paka wa fundi keshatimua mbio.

Wenzake wa bendi humwita Ngurumo. Wanapiga muziki wa metali, ile roki nzito ya kunguruma, na karibu nyimbo zao zote ni za mahakama: hakimu anayenunulika, faili linalopotea kimiujiza, maskini anayefungwa kwa kosa la mwenye nacho.

Wala hatungi hadithi. Siku za kazi, yeye ndiye anayesimama mlangoni mwa mahakama na kuita wenye kesi. Jina huitwa mara tatu. Mlalamikaji asipoitika, kesi inafutwa.

"Kazi nilipewa kwa sababu ya koo hili," anasema akijifuta jasho. "Nikiita, hata aliyeko kantini anasikia."

Mwaka jana karani alimvuta pembeni. Iliyofuata ilikuwa kesi ya mjane aliyemshtaki shemeji yake kwa kumpora nyumba.

"Huyu mwite taratibu," karani alimwambia, kama anayemwomba afunge dirisha. "Si umenielewa?"

Ngurumo anasimulia: "Nikadhani ni utani. Namwangalia hakimu, kainamia meza!"

Lakini aliita. Alifungua mlango nusu, akaita mara tatu kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kesi ikafutwa, shemeji akatoka akichekelea. Mjane alikuwa palepale nje, mwisho wa korido, amekaa kwenye benchi na karatasi zake mapajani.

"Akaniuliza, 'Baba, zamu yangu bado?' Nikamjibu, 'Subiri kidogo, mama.' Mimi huyu!" Anashika kichwa. Hata leo haamini.

Wimbo alioutunga baadaye hauna maneno mengine zaidi ya jina la mama huyo. Hatimaye alimwalika karakanani, akamweleza yote, kisha akamwimbia. Mjane alisikiliza ameziba masikio. Walipomaliza, aliuliza jambo moja tu: "Kumbe unaweza?"

Kesho yake Ngurumo alikwenda naye kwa wakili. Ombi la kuirudisha kesi litasikilizwa wiki ijayo, mbele ya hakimu mwingine, na shahidi ni yeye. Mkewe hajalala vizuri tangu apate habari.

"Ananiambia, 'Baba watoto, kibarua kitaota nyasi.' Najua. Na kiote."

Amekwisha kupanga atakavyosema. "Nitamwomba hakimu akakae kwenye benchi lile la korido. Halafu nitaita kama nilivyoita siku ile. Akisikia, basi mimi mwongo."