Pozi Namba Kumi na Nne

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya pengo la vidole vinne. Ndilo lililobaki kwenye rafu yangu ya vitabu, na Kamau, fundi seremala jirani yetu pale Bondeni, alikuwa amekataa katakata kunitengenezea rafu nyingine. "Hii ukuta imejaa, Zainabu," aliniambia. "Nikiongeza mbao, wewe na mathe yako mtalala nje." Basi ilibaki nafasi ya kitabu kimoja tu, cha mwisho.

Mimi hukusanya vitabu vya wachoraji na wapiga picha. Nimefanya kazi miaka mingi katika duka la uchapaji, kwa hiyo nachagua kwa kiburi cha fundi. Kitabu sharti kiwe na kurasa zote, kisiwe kimeonja maji, na weusi wa picha uwe weusi kweli, si rangi ya jivu. Kama mtu ameandika ndani, hata jina lake tu, nakirudisha nilikokitoa. Halafu natazama macho. Kwenye picha yoyote ya watu wawili, nataka kujua nani anamtazama nani.

Tabia hiyo ina chanzo chake. Nyumbani tuna picha moja tu ya baba na mama pamoja, ya studio. Mama ameketi, mikono mapajani, anatazama kamera. Baba amesimama nyuma yake na uso ameugeuza pembeni kabisa, kana kwamba ameitwa na mtu mwingine. Nilipokuwa darasa la pili alikwenda kuoa kwingine, na hakurudi. Tangu hapo niliamua kwamba siku ile ya picha alikuwa ameshaanza kuondoka, na nilipokuwa mkubwa niliitia picha ile kwenye droo. Nyuma yake kuna namba 14 kwa penseli ya bluu, na sikuwahi kujua ni ya nini.

Sasa mteja mmoja pale dukani akaniambia kuna mpiga picha mzee huko Longonot, Mzee Gathogo, ambaye macho yamemwishia nguvu na anagawa vitabu vyake. Kamau naye alikuwa anapeleka mabenchi kwenye hoteli moja ya Mai Mahiu Jumamosi hiyo. Nikamwomba kiti cha mbele cha pikapu yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulitoka. Mama alinifungia mahamri kwenye kitambaa, akaniuliza kama nakwenda kununua kitabu au kuposwa, maana nilikuwa nimejipamba. Nilimwambia yote mawili yanahitaji uangalifu.

Baada ya Elmenteita jua lilikuwa limepanda na ziwa lilikuwa kimya chini yetu. Kamau alikula mahamri matatu bila kupumua. "Lakini niambie ukweli," akasema. "Kitabu ya picha si ni ya watoto wa nasari?"

"Ya watoto ina maneno mengi kuliko zangu," nikamjibu. Alicheka mpaka Gilgil.

Tulipopita Naivasha tulishika barabara ya chini, ile ya malori. Mlima Longonot ulijitokeza mkono wa kulia, kilele chake kimekatika kama ugali uliomegwa katikati. Saa tatu hivi Kamau alinishusha penye kituo kidogo cha reli, akaahidi kunipitia saa tisa.

Mzee Gathogo nilimkuta mlangoni kwake, nyumba ya tatu nyuma ya kituo, amevaa koti la suti na kofia ya sufu. Alinikaribisha kwa mikono miwili. Vitabu alikuwa amevipanga juu ya kitanda kando ya dirisha. "Angalia pole pole," akasema. "Lakini usichukue yenye hautafungua. Ikae tu kwa nyumba kama kalenda ya mwaka jana, hapana."

Nilianza. Cha michoro ya milima kilikuwa kimelowa zamani, kurasa zimeshikana. Cha wanyama kilikuwa na weusi wa majivu. Cha tatu kilikuwa cha majumba ya kale, na hapo nilikaa kitako. Kurasa zote zilikuwapo, mshono imara, vivuli vizito vya kupendeza, na unene wake ulikuwa vidole vinne kamili. Nilikiweka kando yangu kama mtu aliyewahi kiti.

Mwisho kabisa kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kila picha ilikuwa imeandikwa namba kwa penseli, na pembe za kurasa zilikuwa nyeusi kwa vidole vya watu. Nilikisukuma.

"Hiyo ndiyo ilinilisha," mzee akasema. Sauti haikuwa ya lawama, lakini niliona haya. "Nilikuwa na studio Nakuru, karibu na soko. Kastoma akiingia hajui asimame aje, anaogopa kamera. Mimi nafungua kitabu, namwambia chagua pozi. Akisema namba tatu, nampanga namba tatu."

Nikakifungua tena, kwa adabu tu. Namba tatu, mkono wa mume begani kwa mke. Namba tisa, dada wawili wameegemeana. Nilipofika kumi na nne nilikisogeza kitabu karibu na dirisha. Mwanamke Mzungu ameketi, mikono mapajani. Mwanamume amesimama nyuma yake, anatazama pembeni. Watu nisiowajua, wa nchi nisiyoijua, wamepangwa kama baba na mama.

"Mzee, na hii?"

Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, kisha akacheka. "Kumi na nne! Hiyo ilikuwa ya wenye wanangoja mtoto. Wamama hawakutaka tumbo ionekane kwa picha. Basi mama anakaa hivi, mikono inafunika. Na bwana namwambia, angalia mlango, kama mtu anangoja mgeni. Mgeni ndio huyo mtoto."

"Nani alikuwa anachagua?"

"Wamama. Wanaume walikuwa wanakataa, ati wataonekana kama hawana habari na bibi. Mwenye alikubali, alikubali juu ya huyo mgeni."

Nilimuuliza kama aliandika namba nyuma ya picha. "Kila moja," akasema. "Penseli ya bluu."

Nililia mbele ya mzee nisiyemjua. Yeye alinimiminia chai kutoka kwenye thamosi, akazungumzia mvua na mahindi mpaka nilipomaliza. Kisha nikarudisha kile cha majumba.

"Mama, hiyo imeharibika," akanionya. "Chukua hii safi."

"Safi mpe mtu mwingine, mzee. Hii nitaifungua."

Saa tisa Kamau alifika, akakitazama kitabu na mpira wake. "Umetoka Nakuru mpaka huku kuokota hii?"

"Endesha gari, Kamau."

Magharibi ilitukuta Bondeni. Mama alikuwa amemaliza kuswali. Nilimwekea kitabu mapajani, kimefunguka kumi na nne, na kando yake picha niliyoitoa kwenye droo. Alipitisha kidole juu ya zote mbili.

"Nani alichagua pozi hili, mama?"

"Mimi. Wewe ulikuwa tumboni. Babako aligoma kwanza."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulinijia na maneno yako yameshapikwa." Akaigeuza picha upande wa namba. "Nami nilikuwa na hasira naye. Maneno yako yalinifaa."

Sikuweza kumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekisukuma kitabu kile kwa sababu ya uchafu wa vidole, na kidole kimoja kati ya hivyo kilikuwa chake. Baba alituacha, na hilo kitabu hakilifuti. Lakini aliondoka mara moja tu, nami nilikuwa nimemwondoa mara mbili: ndani ya ile picha, kisha kwa kuitia kwenye droo.

Kitabu kimeingia kwenye pengo, kimelegea kidogo. Picha Kamau aliipigia msumari ukutani, mahali nilipomwonyesha, ili macho ya baba yaelekee mlangoni. Jumatatu jioni nilirudi kutoka kazini, nikasukuma mlango, nikamkuta baba ananingoja.