Spika Tatu Masikioni, Baba Mkwe Mbele Yangu

Hili nilikuwa nimeapa kuzikwa nalo, lakini kwa kuwa mke wangu Skola mwenyewe ameanza kuwasimulia watu, afadhali mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Enzi hizo bidhaa za kila aina zilikuwa zinamiminika kutoka Tunduma, na mshikaji wangu Deo alikuwa na meza ya hedifoni sokoni Sumbawanga, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Kila siku tulikuwa tunabishana. Deo alishikilia kuwa spika moja kwa kila sikio inatosha ikitengenezwa vizuri, mimi nikasema zenye spika tatu ndiyo mpango mzima, moja ya besi, moja ya sauti za kati, moja ya sauti nyembamba (wala sikuwa najua, nilisoma kwenye boksi). Akaniazima zote mbili nikazipime kwenye simu yangu kwa wimbo mmoja wa kwaya, na mimi kwa akili zangu nikaenda nazo Kasense, kwao Skola, siku ambayo baba yake Skola alitaka kuniona kabla hajakubali posa.

Nilifika mapema, mzee hajarudi kutoka shamba la ulezi. Skola akaniwekea kigoda uani, akarudi jikoni. Nikasema ngoja nionje kidogo tu. Nikaanza na zile za spika tatu, na jamani zinaziba, jogoo anawika mbele yako unaona mdomo unafunguka tu, nikafumba macho, na nilipofumbua mzee huyo hapo, jembe begani.

Sasa kwetu Ufipa, mkubwa humsalimii umesimama, unachuchumaa na kupiga makofi taratibu. Nikachuchumaa, shikamoo baba, makofi, na kuyakatiza ili nichomoe hedifoni nikaona ni utovu wa adabu. Midomo yake inacheza, nikadhani anaitikia, nikaongeza makofi. Kumbe makofi yameshashika mwendo wa wimbo, na besi ilipoingia (mimi ni mwimba besi, nisameheni) nikaitikia nayo, kichwa kinatikisika.

Skola ndiye aliyekuja mbio akazichomoa. Mzee akasema polepole, "Kijana, nimekuuliza mara mbili mama yako aliyelazwa anaendeleaje. Wewe unaniimbia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaeleza yote, ubishi, Deo, spika, jasho linanitoka na baridi yote ile, huku naiona posa inaondoka. Mzee akaweka jembe chini.

"Lete."

Akasikiliza za spika tatu, akahamia za moja, uso wake haunipi habari yoyote, halafu akamgeukia mkewe aliyekaa karibu kabisa anapepeta, na kupaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde, "Mama Skola! Hizi za moja wanaimba pamoja! Zile nyingine kila mtu na benchi lake!"

Mama akacheka hadi ungo ukamponyoka, Skola naye, na mzee alipozichomoa akaelewa kuwa alikuwa anapiga kelele, akacheka kuliko wote. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, namshukuru Mungu.

Akauliza tena kuhusu mama. Nikamjibu kwamba ameruhusiwa, yuko nyumbani, anakula vizuri. Posa ikapokelewa, na zile za spika moja akabaki nazo (Deo wala hakuzidai, alitosheka kwamba ameshinda ubishi).

Tangu hapo ukinikuta na hedifoni ujue nimechomeka sikio moja tu. Lile jingine ni la baba mkwe.