Begi la Fundi Nasipwondi

Kwa miaka ishirini na miwili Nasipwondi aliingia chumbani kwangu bila viatu, akakaa kitako juu ya mkeka, akaifungua cherehani yangu tumbo. Jina lake nimelijua Disemba iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa fundi tu. Kwenye simu yangu nilimwandika "Fundi Cherehani", na hivyo ndivyo alivyoandikwa kwenye simu za wanawake wote wa Kibokoni wanaoshona nyumbani. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Sistahili.

Sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa hatushoni barazani. Mabuibui na magauni ya arusi twayashona ndani, ghorofani, na fundi mwanamume hapandi huko ikiwa mwenye nyumba hayupo. Atakaa chini angoje cherehani ishushwe, na cherehani ya chuma si sinia la biriani. Nasipwondi alikuwa mwanamke, basi alipanda. Alitoka bara, Kimilili, akaja kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki na bisibisi zake. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hivyo hata jina la kuitwa mama fulani hakuwa nalo. Alizijua nyumba zetu kuliko mawifi zetu. Alijua nani anaficha dawa chini ya mto na nani amehama chumba cha mumewe, na kinywa chake hakikutoa neno. Akimaliza kazi alikunywa chai yake, akashuka, nasi tukarudi kwenye mambo yetu. Hakuna aliyemuuliza analala wapi.

Begi lake la zamani lilikufa Novemba, kwenye ngazi zangu. Ngazi zenyewe ni za mbao, kali, mtu hupanda kwa mikono na miguu. Alikuwa katikati ya ngazi, kitako cha begi kikaachia, na vitu vyake vyote vikaporomoka mpaka mlangoni: koleo, brashi, chupa ya mafuta, bobini za uzi zikibiringika kila upande. Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye naye alicheka, kisha akakaa kwenye ngazi, akafuta macho kwa kanga.

"Ni vumbi, mama Jannat," akasema.

Nikaamini ni vumbi. Nilimpa mfuko wa plastiki atilie zana zake, nikarudi kwenye buibui la watu.

Wiki ile ile, nimekuja kujua baadaye, ndugu yake Maxwell alikuwa amempigia simu kutoka Kimilili. Alikuwa amemjengea chumba nyuma ya nyumba yake. Rudi, alimwambia, miaka hamsini na mitatu hiyo, huko pwani umebakishiwa nini? Nasipwondi alimwomba ampe muda mpaka karibu na Krismasi. Alikuwa anachagua: arudi akakae kwa ndugu yake, au abaki hapa peke yake na kazi yake. Na kwa vile begi lilikuwa limekatika, shauri lote likaishia kwenye begi. Akirudi, halihitaji. Akibaki, alihitaji la kumfikisha uzeeni.

Siku tatu alizunguka maduka ya Barabara ya Digo. Wenye maduka walimchoka. Mtu mwingine akichagua begi hutazama rangi, yeye aliligeuza nje ndani akasoma mshono. Akiona uzi wa chini umelegea, aliwaambia hapo hapo kwamba cherehani iliyoshona begi hilo haikutengenezwa sawa, na kwamba kwa mzigo wa kilo sita halifiki Ramadhani. Alizikataa zipu zote, maana hewa yetu ya chumvi huzila zipu mpaka zikang'ang'ania. Alikataa mikanda myembamba, humkata bega. Alikataa mabegi ya mgongoni kwa sababu ukipanda ngazi za Mji wa Kale nalo lakuvuta nyuma, na ukitaka bisibisi sharti ulivue. Muuzaji mmoja alimwambia, "Mama, kwani wataka begi ama wataka nyumba?"

Mwisho alikwenda kwa Fahmi, karibu na Marikiti. Fahmi hushona viti na mapazia ya tuktuk kwa turubai, na hupenda kubishana na wateja kuliko kula. Yeye ndiye aliyenihadithia haya yote.

"Nataka la kukatiza kifua, mikono yote miwili ibaki huru," Nasipwondi alimwambia. "Likae hapa nyongani, lisinipigepige nikipanda."

"La safari?"

"La kazi. Kaka yangu ananiita nyumbani. Nikirudi nina jembe tu la kushika. Nikibaki, nalitaka la miaka kumi."

"Na ushaamua?"

"Si ndiyo nimekuja kwako?"

Wakalishona pamoja, maana hakumwachia. Kwanza alimtoa Fahmi kwenye kiti chake, akairekebisha cherehani ya Fahmi, ndipo akamruhusu aguse turubai. Chini wakatia tabaka mbili na kipande cha mpira katikati. Mkanda ukawa ule wa kufungia abiria kwenye gari, mpana, haukatiki. Mfuniko mrefu wa kuzuia mvua, na kifungo cha shaba badala ya zipu. Ndani, mifuko saba, kila kifaa na kwake. Rangi nyeusi, kwa sababu ya mafuta. Lilipokwisha akaomba ashone jina lake chini ya mfuniko kwa uzi mwekundu. Fahmi akalisoma, akamwambia, "Kumbe waitwa hivyo!" Akatoka pale, Fahmi asema, amelivaa, anatembea amenyooka. Hata kabla hajatoka alikuwa amempigia Maxwell, papo hapo alipokaa, akamwambia asimngoje.

Alhamisi asubuhi akaja kwangu. Nilikuwa dirishani naanika. Nikamwona anakuja na begi jipya, kubwa, limejaa. Na ilikuwa Disemba. Sasa, mtu asiye wa hapa huenda asinielewe. Watu wa bara tunaokaa nao hapa Mombasa, Disemba huwa ni kwenda kwao. Ukimwona mmoja wao na begi jipya lililojaa, huulizi. Mimi hata ile subira ya kungoja apande sikuwa nayo. Nikapiga kelele kutoka juu, mtaa mzima usikie:

"Fundi! Ndiyo waenda kwenu, hata hutwambii?"

Akasimama. Akapanda polepole, akaketi, begi mapajani.

"Kaka yangu ananiita nirudi kabisa," akasema. Kisha akaniuliza, "Sijui niende, mama Jannat?"

Swali hilo nimelizungusha kichwani mpaka limenichosha. Aliniuliza mimi. Alikuwa ameshaamua kubaki, begi la miaka kumi analo mapajani, na alichotaka ni mtu mmoja tu amwambie amefanya vyema. Lakini kwetu msafiri hazuiwi. Ukimwambia asiende umemtilia nuksi njiani. Waungwana humtakia heri, wakamfungia chakula. Nami nikafanya uungwana wangu.

"Enda, dada," nikamwambia. "Enda ukapumzike. Sisi tutakukumbuka sana."

Akafungua kifungo cha begi.

"Nilikuja kutia mafuta cherehani," akasema.

"Ah, wacha! Siku za safari huji kufanya kazi."

Nikamtilia kashata ndani ya lile begi, juu ya bisibisi zake, na bado sikuona. Alipotoka nikawaandikia wenzangu kwenye simu: fundi yuwaenda kwao moja kwa moja, msisahau kumuaga. Na nikaongeza, kwa kiherehere changu, nambari ya binti mmoja wa Majengo aliyejifunza kazi hiyo, ili tusikwame.

Siku mbili alipiga hodi nyumba tisa, zana begani. Nyumba tisa zilimkaribisha kwa furaha, na hakuna iliyomfunulia cherehani. "Fundi, umekuja kutuaga!" Huyu akampa leso, yule biskuti za vileja, mwengine chupa ya achari ya maembe kwa ajili ya mamake, ambaye alifariki zamani, nasi hatukuwa na habari. Waliokuwa na shughuli walimpa dereva wa tuktuk mzigo na nambari ya simu, naye fundi akaupokea barabarani huko Ganjoni, mtaa anakokaa. Sijui kama aliwahi kupewa vitu vingi hivyo maishani mwake. Na katika sisi sote hakutokea mmoja wa kumwambia akae.

Ijumaa usiku akaniandikia ujumbe. Kesho alasiri angepika chai nyumbani kwake, niwaambie na wenzangu tuje tuagane. Nikamjibu tutakuja, nikawapasha wenzangu, wala sikumuuliza mlango wake ni upi. Nilipoandika nilikuwa na nia ya kwenda, naapa. Lakini Jumamosi nilikuwa na magauni manne ya arusi, jua lilikuwa kali, na nikajiambia wengine watakwenda. Kila mmoja wetu, nimewauliza, alijiambia hivyo hivyo.

Jumatatu, kama saa nne, nilipita kwa Fahmi kuchukua turubai la dirisha.

"Lile begi lamfaaje fundi?" akaniuliza.

"Fundi yuwarudi kwao."

"Kwao? Nani kasema?" Akaacha kazi. "Yule alishona begi la kubaki, bi Nabiha. Alimkataa nduguye mbele yangu, kwa simu, hapo hapo alipokaa."

Akanihadithia yote, hata jina. Nikampigia fundi simu, haikupatikana. Nikapanda tuktuk, nikamwambia dereva Ganjoni, naye akaniuliza Ganjoni wapi. Sikujua. Huyu mtu alijua chumba changu mpaka uvungu wa kitanda, nami sikujua mlango wake. Niliuliza dukani, nikauliza kwa muuza maji, nikataja "fundi wa cherehani, mwanamke," mpaka nikaelekezwa jumba moja la ghorofa tatu, chumba cha mwisho uani.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu ila ufagio. Mwanamke wa chumba cha pili alikuwa anafua. Jina lake Winnie, na alinitazama kuanzia buibui mpaka viatu.

"Ametoka alfajiri, kuwahi treni," akasema. "Wewe ni nani yake?"

Nikasema ni rafiki yake. Niliona haya nilipolitamka neno hilo.

"Nimekaa naye miaka minane," Winnie akasema, "na sijamwona akija mtu kwake. Jumamosi ndiyo aliniambia anatarajia wageni. Akaazima vikombe vyangu vya wageni, kumi na viwili. Akaviosha, akavipanga, akafungua mlango tangu saa tisa. Jua likatua. Nikamwonea huruma, nikaja nikaketi, tukanywa mimi na yeye."

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia vikombe aviache nitaviosha mwenyewe asubuhi. Akaniambia nisijisumbue, vya kuosha ni viwili tu."