Kura Iliyompata Mwizi wa Asali Yangu

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na moja, nipo darasa la tatu, ndipo shida ilipoanza. Baba alifariki kule Kinyangiri wakati wa mavuno, mtama ukiwa bado haujapigwa. Baba zangu wadogo waligawana ng'ombe kabla matanga hayajaisha. Mama akarudi kwao, na mimi nikachukuliwa na mjomba aliyekuwa anarina asali huko Mitundu. Shuleni sikurudi tena. Ninachojua kuandika ni jina langu na namba, na hilo jina lenyewe naliandika polepole. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize.

Mjomba hakuwa mtu wa huruma, ila kazi aliijua. Alinifundisha kuchonga mzinga kwenye gogo, kuupaka nta kwa ndani na kuutundika mtini. Alinifundisha pia kwamba kutundika ni kwako na kuingia ni kwa nyuki. Unaweza kutundika mizinga kumi kwenye miti mizuri, karibu na maji, na mwaka ukapita yote mitupu. Jirani anatundika gogo moja lililopasuka, nyuki wanaingia wiki hiyohiyo. Huna wa kumshitaki. Ukiwalazimisha kuhama wanaondoka wote, unabaki na masega makavu.

Nililala porini miaka mingi. Nilikula matunda ya porini na nikaumwa na nyuki mpaka mwili ukazoea. Nilipooa nilikuwa na mizinga arobaini niliyoichonga kwa mikono hii, sikupewa na mtu. Yesu nilimpokea nikiwa tayari baba wa watoto wawili, siku mwinjilisti mmoja alipopita kitongojini kwetu na baiskeli, akahubiri huku anaziba pancha. Kitongoji hakikuwa na kanisa. Nikatoa kiwanja. Nikafyatua tofali, nikachoma, nikajenga, nikaezeka bati. Mlango nilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, kufuli nikanunua mwenyewe, na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Karibu miaka ishirini niliongoza ibada pale. Neno lilisomwa na yeyote aliyesoma shule, mimi nikalieleza.

Sasa nije kwa mwizi.

Kuna mtu alikuwa anarina mizinga yangu mchana, tena vibaya, moshi kidogo, masega yenye watoto wa nyuki anayatupa chini. Hilo la kutupa watoto liliniuma kuliko wizi wenyewe. Siku moja nikamkuta kisimani mwanamume ambaye si mwenyeji sana pale, uso umevimba, jicho moja limefumba kabisa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Umepatwa na nini usoni?"

"Jino, mzee. Limeniuma usiku kucha."

"Jino limekuuma mpaka kwenye kisogo?"

Akina mama waliokuwa wanachota maji wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nikamwambia achague: twende ofisi ya kijiji au twende nyumbani kwangu. Akachagua kwangu, akidhani nitampiga. Nilimpa uji. Nikamwambia, "Jumapili njoo kanisani. Usipokuja, Jumatatu tutakuwa ofisini." Alikuja na jicho lake vilevile, akakaa karibu na mlango.

Huyu mtu alikuwa amemaliza darasa la saba. Basi tukaanza, kila Jumanne alasiri, kwenye kibaraza changu. Yeye anasoma Maandiko, mimi naeleza nilivyoyaishi. Nilimfundisha kuomba kwa sauti bila kupayuka. Nilimfundisha kuacha gongo, na alipoanguka nikamfuata kilabuni, nikamtoa kwa ukosi wa shati mbele ya wenzake. Nilimfundisha kurina asali bila kuua watoto wa nyuki, na nikampa mizinga sita ya kuanzia. Alitulia. Mke wake, aliyekuwa amemkimbia, akarudi. Mimi nikawa namwonyesha watu kama mtu anavyoonyesha fahali wake mnadani: "Huyu ni wangu." Huo ndio ugonjwa ulionianza, na sikuujua.

Mwaka juzi mchungaji wetu alikuja kutoka Itigi, akasema tumekuwa wengi, sasa tunahitaji mwinjilisti wetu wenyewe. Atakayechaguliwa atapelekwa kozi, kisha ataingizwa kazini. Wakristo wenyewe wachague. Mimi nilikuwa na miaka sitini na moja na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Asubuhi ya siku ya uchaguzi nilifunga mbuzi nyuma ya nyumba, wa kuchinja baada ya ibada, tusherehekee.

Yakatajwa majina mawili, langu na la huyo mwanafunzi wangu. Yeye akanyoosha mkono kukataa, mchungaji akamwambia akae chini. Tukatolewa nje, tukasimamishwa uwanjani mbali kidogo, kila mmoja akitazama mbele, na watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Tulikatazwa kugeuka.

Mtu wa porini anatambua mengi kwa kusikia miguu tu. Nilisikia nyayo kwenye mchanga, nyingi, zinaelekea kwa mwenzangu. Nikajiambia labda wanazunguka. Tulipoambiwa tugeuke, nyuma yangu alikuwepo mke wangu, wakwe zangu wawili, wake wa wanangu, na mzee mmoja asiyesikia ambaye alidhani tunapanga mstari wa meza ya Bwana. Nyuma ya mwenzangu mstari ulifika mpaka kwenye mti wa kengele ya kanisa. Na wanangu walikuwa hukohuko.

Nilifunga kanisa, nikaenda nyumbani, nikamfungua mbuzi aende zake. Mke wangu akanikuta nimekaa.

"Angalau wewe ulisimama na mimi," nikamwambia.

"Nilisimama kwako kwa sababu nalala nyumbani kwako," akasema, akaenda kuwasha moto.

Jumapili iliyofuata sikwenda kufungua mlango. Ndiyo, nilifanya hivyo. Kiwanja nilitoa mimi, tofali nilifyatua mimi, kufuli yangu. Nikakaa kibarazani nanoa panga ambalo lilikuwa tayari kali. Nikangoja waje kunibembeleza. Hakuja mtu. Baadaye nikasikia wanaimba, na sauti haikutoka ndani ya nyumba, ilikuwa wazi, ya nje.

Mke wangu aliporudi kilemba kilikuwa kimelowa jasho.

"Mmesali wapi?" nikauliza, kama vile sijui.

"Juani. Vijana walitaka kuvunja kufuli, yule aliyechaguliwa akakataa. Akasema huo mlango ni wa baba yake, hauvunjwi."

"Akasema nini tena juu yangu?"

"Akatuambia tukuombee. Tumekuombea."

"Mimi! Niombewe na mwizi wa asali!"

Mke wangu si mtu wa kupandisha sauti. Akaweka kitabu chake cha nyimbo mezani, akaniangalia.

"Wewe mzee, nyuki wakiacha mzinga wako wakaingia wa jirani, unanyamaza. Unasema ndivyo walivyopenda. Roho wa Mungu akiingia kwa jirani, unafunga kanisa. Unaogopa nyuki kuliko Mungu?"

Nikachukua panga, nikarudi kulinoa.

Sikulainika. Jumanne, saa yetu ya kusoma, sikumngoja aje. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikiwa na maneno yangu nimeyapanga. Nilikusudia kumwambia: umekula kwangu, umejifunza kwangu, sasa umekaa kwenye kiti changu. Nilimkuta anakula. Akasimama haraka, akanipa kigoda, akaninawisha mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nilikuwa nakuja kwako. Nimeandika barua kwa mchungaji. Naomba nikusomee kabla sijaipeleka."

Akaisoma. Ilikuwa fupi. Aliandika kwamba kazi haiwezi kuichukua, kwamba aliyemzaa katika imani bado yupo na ana nguvu, na kwamba anaomba jina lake liondolewe, liwekwe la huyo. Hakuandika kwa uchungu. Akaikunja, akaniwekea mbele yangu.

"Ukisema sawa, kesho naipeleka Itigi," akasema. "Mimi bila wewe ningekuwa nimeshakufa kilabuni. Siwezi kugombana na wewe kwa ajili ya cheo."

Sikilizeni. Kiti nilichokitaka kilikuwa pale, ndani ya karatasi, na nilitakiwa kusema neno moja tu. Na neno lile lilikuwa limeshafika mdomoni. Nisiwadanganye, nilikuwa nalisema.

Wakati huohuo akaingia uani mama mmoja, mjane wa jirani, mtoto wake mdogo mgongoni anahema kwa shida. Alipoona nipo, akapiga goti. "Shikamoo, mzee." Adabu yote, haikupungua kitu. Kisha akanipita. Akaenda moja kwa moja kwake, akamwambia, "Baba, mtoto hajalala. Tunakwenda zahanati sasa hivi, ila nilitaka umwombee kwanza." Yule bwana akaacha ugali wake katikati ya tonge, akanawa, akamwekea mtoto mkono kichwani, akaomba maneno machache. Halafu akachukua baiskeli yake, akampakia mama na mtoto, akaanza kusukuma kuelekea zahanati. Barua akaiacha pale mbele yangu. Hakukumbuka hata kuniaga.

Nikabaki peke yangu na ugali wa mtu.

Nilikumbuka miaka yote ile ya kuongoza. Watu walikuja kwangu, sikatai. Walikuja kukopa ngazi, kuuliza bei ya asali, kuamuliwa ugomvi wa mipaka, kuezeka. Walinitii. Lakini mama mwenye mtoto anayehema hakuwahi kuja kwangu kwanza. Hata mara moja. Nilitafuta kichwani mara moja hiyo, sikuipata. Watu hawakunichukia, waliniogopa tu. Mungu alilijua hilo, na kundi zima lililopanga mstari mpaka kwenye mti wa kengele lililijua. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui.

Niliichana ile barua vipande vidogo, nikavitia kwenye moto wa jikoni kwake. Mke wake akauliza, "Baba, hiyo si barua yake?" Nikamwambia, "Ilikuwa. Mwambie kwamba Mungu hajakosea, na aje kwangu Jumanne ijayo kama kawaida."

Mtoto alipona, nashukuru.

Jumapili nilifika kanisani kabla ya watu wote. Nikafungua mlango na madirisha, nikafagia, na kufagia sijazoea. Walipoingia walinitazama kama mtu anayetazama chatu. Nikasimama mbele kabla wimbo haujaanza.

"Jumapili iliyopita niliwafungia nyumba ya Mungu kama ghala langu la masega," nikasema. "Nilikosa. Niliona wivu. Wivu wa mzee ni mbaya kuliko wa kijana, kwa sababu mzee ana ufunguo. Nisameheni. Aliyechaguliwa ni huyu. Mwenye maneno zaidi anifuate nyumbani, nitamjibu hukohuko."

Wakacheka, na mzee yule asiyesikia akacheka kuliko wote. Nikamwita yule bwana mbele, nikamkabidhi ufunguo. Akaweka mikono nyuma, hataki.

"Pokea," nikamwambia. "Usinifanye nisimame hapa kama mgonjwa."

Akapokea. Machozi yalimtoka, yangu niliyazuia. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka bati likalia.

Akaenda kozi. Mizinga yake nilimwangalizia mwenyewe, nikairina, asali nikampelekea mkewe, haikupungua hata kijiko. Aliporudi, mwaka jana, siku ya kuingizwa kazini watu walijaa mpaka nje, wengine wametoka Itigi kwa magari. Mchungaji akauliza, "Ni nani aliyemlea mtu huyu katika imani?"

Nikasimama. "Mimi! Nilimkamata kwenye mizinga yangu!"

Kanisa likalipuka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika benchi. Mchungaji akaniita, nikawekwa miongoni mwa wale wa kumwekea mikono. Mikono hii, yenye makovu ya panga na moto, ikakaa juu ya kichwa chake. Nimewahi kurina mzinga mmoja ukajaza madebe mawili na nusu, nikaona hakuna furaha zaidi ya hiyo. Nilikuwa sijaifikia siku hii. Nilihisi kana kwamba nimechaguliwa mimi. Na kweli nilichaguliwa, ila kazi yangu ilikuwa nyingine: kumtafuta, kumkamata na kumleta. Mungu ana kazi nyingi na haniulizi ipi ampe nani. Hataniuliza kesho pia.

Wenzangu wa rika langu wananikejeli hadi leo. "Umefuga fahali, amekutoa zizini." Nawaambia ndiyo, nimefuga fahali, ninyi mmefuga nini?

Kibarazani kwangu Jumanne sasa anakuja mwanamke kijana aliyekuwa anauza gongo. Anasoma haraka mpaka namwambia apunguze, masikio yangu yana umri. Huyu naye atanipita, naona. Nitakuwa wa kwanza kupanga mstari nyuma yake.

Leo nina miaka sitini na mitatu, na hivi ndivyo nilivyonavyo: mizinga mia mbili na kumi, ya magogo na ya boksi. Shamba la alizeti ekari tisa, la mahindi ekari nne. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, bati tupu. Ng'ombe kumi na wanne, mbuzi ishirini na kitu, kuku wa mama. Pikipiki moja na baiskeli mbili. Mashine ya kukamulia asali. Tangi la maji ya mvua. Mke mmoja, watoto sita wote hai, wajukuu kumi na tisa.