Bonyeza Moja Kama Umeridhika

Kazini dada yangu mkubwa wanamwita Mama Pole. Anapokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji, na mtu aliyekosa maji siku mbili huwa hana adabu tena. Dada hutukanwa tangu asubuhi, naye hujibu kwa sauti ileile laini, "Pole sana, mteja wetu." Mwisho wa simu mteja huambiwa abonyeze moja kama ameridhika, mbili kama hakuridhika. Mbili zikizidi, mpokeaji anaitwa ofisini, na huko haitwi kunywa chai.

Tulipomzika mama, dada alirudi kazini hata macho hayajakauka. Au niseme ukweli: macho yake hayakuwa yamelowa. Wiki hiyo binti yake alijikata kidole jikoni, akamkimbilia huku analia. Dada akamwambia, "Pole sana. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Alinisimulia hayo mwenyewe. "Mdogo wangu, siko sawa. Mama amekufa, sijalia hata chozi moja."

Akaenda kuomba likizo. Ukutani kwa msimamizi kulikuwa na bango jipya, watu wazima wanachekelea kama wameahidiwa pilau: Afya ya Mfanyakazi Kwanza.

"Piga kwanza namba hii ya faraja," msimamizi akamwambia. "Ina mtaalamu. Ukiona haijakusaidia, ndipo tuongee habari ya likizo."

Zamu yake ya asubuhi ilipoisha, dada akaketi kwenye ngazi za nyuma, akapiga.

"Karibu namba ya faraja. Nikusaidie nini?"

Aliijua sauti ile papo hapo. Alikuwa Kicheko, jirani yake wa meza kwa miaka, aliyehamishiwa zamu ya mchana majuzi. Kumbe wakubwa walijiuliza, mtaalamu wa nini, na sisi tuna ukumbi mzima wa watu wanaojua kusema pole? Wakawabandikia wa mchana karatasi ya maneno ya kusoma, basi. Mimi wakubwa hao hadi leo sijawasamehe.

"Shoga, ni mimi," dada akasema.

Kicheko akaivuta karatasi yake karibu. Simu zote hurekodiwa, na wote wawili walilijua hilo.

"Pole sana, mwenzetu," akasoma. "Pumua taratibu. Kunywa maji ya kutosha."

"Maji? Yenyewe yako wapi?"

Wakaangua kicheko wote wawili. Halafu cha dada kikageuka kilio. Alimlilia mama pale ngazini kwa sauti, mfagiaji akampisha, na huko ukumbini Kicheko alikuwa anavuta kamasi, karatasi imemwishia maneno. Mpaka mashine ikawakatiza: kama umeridhika na huduma, bonyeza moja.

Dada alijua kwamba mbili ndiyo itakayompa likizo. Alijua pia kwamba mbili ile itaandikwa kwa Kicheko, na Kicheko mwezi ule alishaitwa ofisini.

Akabonyeza moja.

Kesho yake msimamizi alimpongeza mbele ya wenzake. Namba ya faraja inafanya kazi, alisema, Mama Pole mwenyewe ameridhika, sasa likizo ya nini tena? Wakapiga makofi. Dada akaketi, akavaa hedifoni, akapokea simu ya kwanza. Mteja hakusalimu. Alianza kwa kumtukania mama.